Kitete inacheza, nani analipwa?

Gemu kubwa ya kompyuta ikitoka leo Marekani au Poland huuzwa dola 60 au 70. Dola 70 kwa shilingi yetu zinavuka 170,000, na hapo bado hujanunua bando la kuipakulia, kwa kuwa gemu za siku hizi hupita gigabaiti 100 bila aibu. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000. Anayelipwa kima hicho akitaka kumfurahisha mwanawe kwa gemu moja tu, theluthi ya mshahara imeondoka na mwezi ndiyo kwanza umeanza.

Basi gemu haiji Kitete, kata yetu hapa Tabora, kwa njia hiyo. Inakuja kwenye hadi diski. Kuna aliyeipakua Dar es Salaam ikiwa imeshavunjwa kufuli na kubanwa ipungue ukubwa, kuna aliyeinakili kwake, na kuna aliyepanda nayo basi au treni, zaidi ya kilomita 800, akifuata mkondo ule ule wa wapagazi wa Kinyamwezi waliopita na mizigo mabegani kati ya Bagamoyo na Unyanyembe, eneo hili hili la Tabora. Ikishaingia Tabora mjini, safari iliyobaki ni ya dakika chache: kutoka kompyuta ya steshenari hadi flashi ya mwanafunzi, na kutoka flashi hadi Dell au HP ya mtumba iliyowahi kukaa mezani kwa karani fulani huko Ulaya. Malipo ni elfu moja, mbili, labda tatu. Anayelipwa ni aliyekopi. Aliyetunga hapati hata senti.

Mwenye steshenari hajioni mwizi, na wateja wake hawamwoni hivyo. Kwenye meza ile ile anatoa kopi za vitabu vya chuo kwa wanafunzi, anachapa barua za maombi ya kazi, anaingiza singeli na muvi zilizotafsiriwa kwenye memori kadi. Gemu ni bidhaa moja tu katika orodha yake, tena si ya kwanza. Vyumba vya gemu navyo vina mtindo wao: PlayStation za zamani zilizofunguliwa na mafundi ili zikubali diski za kukopi, watoto wanalipia mia mbili au mia tano kwa mechi, na anayefungwa anaachia pedi.

Swali ambalo kampuni za gemu zimekuwa zikiuliza kwa zaidi ya miaka 30 ni hili: flashi zote hizo zimewanyima mauzo kiasi gani? Jibu lao la kwanza siku zote limekuwa la kutisha. Mwaka 2012 mkuu wa Ubisoft ya Ufaransa, Yves Guillemot, alidai kwamba kati ya watu 100 wanaocheza gemu za kampuni yake kwenye kompyuta, 93 hadi 95 hawajalipa. Miaka minne kabla yake, watunzi wawili wa gemu ndogo iitwayo World of Goo walikuwa wamekadiria kwao asilimia 80 hadi 90. Crytek, waliotengeneza Crysis, walitangaza kwamba hawatatunga tena gemu ya kompyuta peke yake, kwa sababu hiyo hiyo.

Ila kisa kitamu kuliko vyote ni cha ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, na gemu yao ya Game Dev Tycoon, mwezi Aprili 2013. Ni gemu inayokufanya mwenye kampuni ya kutunga gemu: unaajiri watu, unatafiti, unauza. Siku ya kufungua duka lao la mtandaoni, ndugu hawa wenyewe walipakia toleo la bure kwenye mitandao ya maharamia, sawa na lile la kuuzwa isipokuwa kwa jambo moja. Ukifika mbali kidogo, kampuni yako ndani ya gemu inaanza kupoteza fedha kwa sababu wachezaji wanakopi badala ya kununua, na hata ufanye nini, unafilisika. Siku moja baadaye walihesabu: nakala 214 zilizolipiwa, nakala 3,104 za toleo la bure. Halafu wakaanza kuona malalamiko. Watu waliokopi gemu walikuwa wakiuliza, kwa uchungu wa kweli, namna ya kuzuia watu kukopi gemu zao.

Gemu hiyo ilikuwa ikiuzwa dola 8. Hapo hoja ya umaskini, ambayo ndiyo ngao yetu ya kwanza tukiulizwa Tabora, inapwaya. Watu wa Ulaya na Marekani waliokuwa na dola 8 mfukoni nao walikopi.

Lakini nakala 3,104 za bure hazikuwa mauzo 3,104 yaliyopotea, na hapa ndipo hesabu za kampuni huteleza. Tume ya Ulaya ililipa euro 360,000 kwa kampuni ya Ecorys ya Uholanzi ichunguze jambo hili. Waliwahoji watu wapatao 30,000 katika Ujerumani, Uingereza, Hispania, Ufaransa, Poland na Sweden, wakaandika ripoti ya kurasa zaidi ya 300. Ilikamilika 2015, ikakaa kabatini hadi mbunge wa Bunge la Ulaya, Julia Reda, alipoidai na kuiweka hadharani 2017. Ilisema kwamba kwa filamu mpya kubwa, uharamia unakata mauzo: kila filamu kumi zilizotazamwa kiharamia zinapunguza nne za halali. Kwa gemu, hesabu ilielekea upande wa pili kabisa. Waliokopi gemu walionekana hatimaye kununua zaidi. Mtu akishaionja hutaka sehemu ya pili, au hutaka kucheza na wenzake mtandaoni ambako nakala ya wizi haiingii.

Nisingependa msomaji akimbie na matokeo hayo kwenda kuyatundika ukutani kwenye chumba cha gemu. Mwaka 2024 mtafiti William Volckmann alichapisha uchunguzi wa gemu 86 za kompyuta zilizokuwa na kufuli la Denuvo. Aliona kwamba kufuli likivunjwa wiki ya kwanza, mapato hupungua kwa wastani wa asilimia 20. Likivunjwa baada ya wiki 12, hasara haionekani. Maana yake, uharamia unaoumiza ni ule wa siku za mwanzo, pale ambapo mnunuzi wa Berlin ameshika kadi ya benki mkononi na mara anasikia kwamba kitu hicho kinapatikana bure. Kijana wa Kitete anayeipata gemu mwaka wa tatu, kwenye kompyuta isiyoweza hata kuibeba vizuri, hayumo katika hesabu hiyo. Yeye bado anacheza GTA San Andreas, Need for Speed Most Wanted na PES 2013, gemu ambazo wenyewe wameshazivuna, wakala, wakasahau.

Hilo kufuli la Denuvo, kwa taarifa tu, limetoka Austria, na Januari 2018 lilinunuliwa na Irdeto, kampuni ambayo Watanzania wengi hawajawahi kusikia jina lake ingawa wanaishi nayo sebuleni. Irdeto ilikuwa ya kundi moja na MultiChoice, wenye DStv. Mikono inayolinda kadi ya king'amuzi chako isifungue mechi ya Jumamosi kabla hujalipia ndiyo inayolinda gemu za California.

Twende kwenye jambo ambalo wachumi wa Ulaya hawana haja ya kulichunguza, kwa kuwa kwao halipo. Ili mauzo yapotee lazima kwanza pawe na duka. Steam, soko kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta, lilifunguliwa Septemba 2003 na Machi 2025 lilivuka watu milioni 40 waliokuwemo kwa wakati mmoja. Linapokea randi ya Afrika Kusini. Shilingi ya Tanzania halina, wala ya Kenya. Mtanzania huonyeshwa dola na kutakiwa kadi. Siku hizi kadi za mtandaoni zinazotolewa na kampuni za simu zimepunguza adha, lakini kwa mtu aliyezoea kulipa maji, umeme na ada kwa namba za simu, hiyo ni milima miwili ya kupanda kabla ya kuiona bei yenyewe.

PlayStation ndiyo zaidi. Mtandao wa Sony wa kuuza na kuchezea gemu hauitambui Tanzania kabisa. Ukitaka kujiandikisha lazima udanganye unaishi nchi nyingine. Jambo hili lilijulikana duniani Mei 2024. Sony iliwaambia watu walionunua Helldivers 2 kwa ajili ya kompyuta, kupitia Steam, kwamba sasa lazima wawe na akaunti ya mtandao huo. Kumbe nchi nyingi hazina haki ya akaunti. Gemu ikaondolewa dukani katika nchi na maeneo 177, karibu Afrika yote ikiwemo. Wachezaji wakaja juu, Sony ikaliondoa sharti baada ya siku chache, lakini kwa nchi hizo gemu iliendelea kukosekana kwa muda mrefu. Mwezi huo, Mtanzania mwenye dola zake, kadi yake na nia yake njema hakuruhusiwa kununua. Aliyekuwa na flashi hakuathirika na lolote.

Tabora inayajua mambo haya kwa uzoefu wa zamani. Biashara ya msafara ilisimama juu ya kitambaa kimoja, merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts, Marekani, na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya huko huko. Marekani ilikuwa na mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, tangu 1833. Msafiri Mwingereza Burton alipofika Kaze, Tabora ya siku hizo, mwaka 1857 merikani ilikuwa ndiyo fedha: hongo ya watemi ililipwa kwayo, posho ya wapagazi vilevile. Waingereza wa Lancashire walijaribu kuiga. Kitambaa chao kilikuja, watu wa bara wakakishika, wakakivuta, wakakikataa. Hakikuwa na uzito, hakikudumu. Kwa miaka mingi feki ilishindwa kuipiku orijino, ingawa hapakuwa na askari wala hakimu wa kuizuia kati ya pwani na Ujiji. Kilichokuja kuiangusha merikani ya Salem ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Mzigo ukakatika, bei ikapanda, na nafasi ile ikachukuliwa hatua kwa hatua, hasa na viwanda vya Bombay. Mnunuzi wa Unyanyembe hakuwa na ugomvi na orijino. Ilipoacha kumfikia kwa bei anayoiweza, alichukua iliyomfikia.

Gabe Newell, mwenye Steam, alisema jambo lile lile 2011 bila kujua habari za Tabora: kwamba uharamia mara nyingi si suala la bei, ni suala la huduma. Alitoa mfano wa Urusi, nchi iliyokuwa ikiogopwa na kampuni zote. Maharamia wa Urusi walikuwa wakizitafsiri gemu kwa Kirusi haraka kuliko wenye mali. Steam ilipoanza kuuza gemu zilizotafsiriwa kwa wakati, Urusi ikawa mojawapo ya masoko yao makubwa Ulaya. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunamkumbuka Lufufu akizitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili chake kilichojaa chumvi na pilipili. Hakuna studio ya Hollywood iliyowahi kuwaza kutuhudumia kama yeye.

Poland ilikwenda mbali kuliko Urusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wawili wa Warsaw, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, walikuwa wakiuza gemu za kukopi kwenye gulio la kompyuta mwishoni mwa wiki. Meza yao, ukiitazama kwa haki, haikutofautiana sana na meza ya steshenari yetu. Mwaka 1994, Poland ikipata sheria mpya ya hakimiliki, wakaanzisha CD Projekt na kuingiza gemu halali. Mwaka 1999 walichukua Baldur's Gate, gemu ya CD tano, wakaitafsiri yote kwa Kipolandi kwa sauti za waigizaji maarufu wa nchi yao, wakaifungasha pamoja na ramani na kitabu. Muuza kopi alilazimika kuchoma CD tano, bei yake ikasogea juu, na bado asingeweza kukupa kile kifurushi. Siku ya kwanza ziliuzwa 18,000. Kwa fedha na ujasiri uliotokana na hapo wakaanza kutunga gemu zao. The Witcher ilitoka 2007. Sehemu ya tatu, iliyotoka 2015, waliiuza pia kwenye duka lao la GOG bila kufuli lolote, mtu akitaka aikopi tangu saa ya kwanza. Kufikia 2023 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 50.

Hawakuwa malaika hapo katikati. Sehemu ya pili ilipokopiwa kwa mamilioni, kwa makadirio yao, kampuni hiyo ilitumia mawakili kuwadai fidia watu wa Ujerumani. Wateja walikasirika, na Januari 2012 kampuni ikaacha.

Wengine walichagua kuondoa kabisa kitu cha kuiba. Konami, baba wa PES, gemu ya mpira iliyoitawala mitaa yetu, waliifanya bure mwaka 2021 na kuibadili jina kuwa eFootball. Fedha sasa inatafutwa ndani, kwa kununua wachezaji, na gemu yenyewe inaishi kwenye seva ya kampuni. Kwa hiyo kijana wa Kitete aliyekuwa akicheza PES 2013 ya flashi bila bando amepewa ya halali bila malipo, ila inamdai bando kila siku. Sina hakika kama alishukuru. PES 2013 bado ipo mezani.

Yote hayo ni hesabu za watu wa mbali. Mtu ninayemhofia zaidi yuko hapa hapa. Tuseme mwanafunzi wa chuo cha Tabora amekaa miaka miwili akitunga gemu ya kompyuta ya Mirambo na misafara, kwa Kiswahili, na kazi ni nzuri. Aiuze shilingi ngapi? Elfu kumi? Kwenye meza ile ile, kwa elfu mbili, mteja anawekewa Grand Theft Auto V ya kampuni ya Rockstar, gemu iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola na ambayo mwenyewe ameshauza nakala zaidi ya milioni 200. Mwanafunzi wetu hashindani na ubora wa Rockstar peke yake. Anashindana na Rockstar kwa bei ya chipsi yai. Mapato ya Rockstar hayatikisiki kwa flashi ya Kitete. Anayekosa mauzo ni huyu, na hakuna takwimu itakayomwonyesha, kwa kuwa ataacha kabla hajaanza.

Wasanii walishapita njia hiyo. Mji huu uliwapa Watanzania bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na zama za kanda zilipofika, muziki wa bendi za nchi hii ulikuwa ukirekodiwa kanda kwa kanda dukani, mteja akitaja nyimbo anazotaka, mwanamuziki akisikia sifa tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja 1999, nayo inazilinda programu za kompyuta, gemu zikiwemo. COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ikafuata. Mwaka 2013 ziliwekwa stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Mwaka 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo. Tazama walichokuwa wakikilalamikia: filamu za nje za kukopi, zilizorundikwa nyingi kwenye diski moja na kuuzwa bei ya kutupa, hata filamu ya Kitanzania iliyolipiwa stempu ikaonekana ghali. Siku hizi ipo pia tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhia kazi. Kinachonishangaza ni kwamba katika mijadala yote hiyo, mtunzi wa gemu wa Kitanzania hajawahi kuwa na kiti.

Kuwakamata wenye steshenari hakutamsaidia. Ukifunga meza moja Kitete, ya pili inafunguliwa kata ya Chemchem. Kingemsaidia, nadhani, ni kama meza ile ile ingeweza kuuza kazi yake kwa asilimia fulani, kwa shilingi, kwa namba ya simu, ikiwa imetengenezwa ikubali kompyuta ya mtumba. Mwenye steshenari ndiye msambazaji pekee aliyewahi kuwepo hapa, na anamjua kila mteja kwa sura. Steam haina faida hiyo.

Kwa kiasi kidogo jambo la namna hiyo limeshaanza, tena pasipo semina wala mradi. Kuna gemu ya simu ya Kiindonesia ya kuendesha mabasi, iliyotoka 2017, inayoitwa Bus Simulator Indonesia. Vijana wa Kitanzania wameivamia. Wanayachora mabasi ya mikoani rangi kwa rangi, na maandishi ya nyuma yakiwemo, wanayaweka mitandaoni, na mengine wanayauza kwa fedha ya simu kwenye magrupu ya WhatsApp. Wengi wao ni wale wale waliojifunzia kompyuta kwenye GTA ya kukopi. Sasa faili zao zinanakiliwa na kusambazwa na watu ambao hawajachora hata tairi, na kwenye magrupu hayo siku hizi basi linakuja limefungwa kwa nywila. Kulifungua mpaka ulipie.